Wiki Aliyonyimwa Spana

Watu wa Makadara husema mimi, Wangeci, nina hasira, na sitawabishia. Lakini wanaosema hivyo hawajawahi kukwama katikati ya Barabara ya Jogoo saa mbili asubuhi, pikapu imejaa trei za mayai, starta inazungusha injini vizuri kabisa na injini inakataa katakata kuwaka, huku kila dereva anayekupita anachungulia dirishani kukuuliza bwanako yuko wapi. Mwaka wa 1979, mwezi wa Julai, mambo hayo yalinipata mara tatu kwa wiki moja. Mara ya tatu nilishuka nikaipiga tairi teke mpaka kidole kikavimba.

Kilichonikera zaidi ni kwamba pikapu ilikuwa imetoka kwa fundi. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu Kisilu aifungie pampu mpya ya petroli. Kisilu alikuwa fundi wangu kwa miaka minne, mtu wa Machakos, mpole, mikono mikubwa, maneno machache. Nilikuwa nikimsifu kwa kila mwenye gari niliyemjua. Sasa asubuhi pikapu iliwaka kwa mguso mmoja, ikaenda vizuri maili tano au sita, kisha ikaanza kukohoa, ikazima. Ukipiga starta, inazunguka tu. Ukikaa nusu saa ukimlaani kila aliyeiunda, inawaka kama haijakukosea chochote, na baada ya maili chache inazima tena. Mayai yangu nilikuwa nikiyatoa Kiambu na kuyapeleka kwenye kantini za Industrial Area, na mpishi wa kantini hangoji mayai ya chai ya saa nne yafike saa saba. Mmoja alishaniambia nisijisumbue tena, amepata mtu mwingine.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, kulikuwa na wezi wa petroli. Petroli ilikuwa imepanda bei mwaka ule, na vijana wasio na haya walikuwa wakipita mitaani na mpira wa maji, wanautia kwenye tangi lako, wananyonya, wanajaza mtungi, wanakwenda zao. Mimi walinitembelea mara mbili, siku chache baada ya Kisilu kufunga ile pampu. Kila mwenye gari mtaani alikuwa na dawa yake. Jirani yangu mmoja aliegesha gari tangi likiwa limebanwa ukutani. Mimi nilichukua karatasi nzito ya nailoni, nikaikunja mara nne, nikaifunika juu ya mdomo wa tangi, nikaizungushia utepe wa tyubu ya baiskeli, kisha nikakaza kifuniko juu yake kwa koleo mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Hata mimi mwenyewe nikitaka kutia petroli ilinibidi nitumie koleo hilo, kisha nikimaliza nafunga vilevile. Tangu siku hiyo halikupotea hata tone. Nilitembea mtaani kifua mbele, na nikawafundisha wengine wawili.

Basi pikapu ilipoanza kunifia njiani, sikuhangaika kumtafuta wa kumlaumu. Shemeji yangu, dereva wa lori, alifungua boneti akaitazama ile pampu, akasonya. Akasema hiyo si pampu mpya hata kidogo, ni ya kuokotwa, imesuguliwa na mafuta ya taa ikang'aa, nikauziwa. Akasema wanawake wenye magari hufanyiwa hivyo kila siku. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniwasha. Miaka yote nimepigana nisifanyiwe hivyo.

Sasa lazima nieleze kuhusu uwanja wa mafundi, la sivyo hutaelewa nilichokifanya. Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba za Makadara, upande wa reli, na hakuna fundi pale aliyekuwa na vifaa kamili. Mmoja alikuwa na jeki, mwingine spana kubwa, mwingine bisibisi ndefu ya kabureta. Kazi ilikwenda kwa kuazimana mchana kutwa. Kwa hiyo adhabu yao ilikuwa moja tu, na haikuhitaji polisi wala karatasi. Mteja akisimama mbele ya wote akasema fundi fulani amembadilishia spea, fundi huyo ananyimwa spana hadi Jumamosi, siku ya kusikiliza maneno. Asipojisafisha Jumamosi, hapewi spana tena, si pale wala Kaloleni wala Shauri Moyo, kwa maana habari hutembea. Na fundi asiye na spana Nairobi hii ni mtu wa kwenda kupanga foleni kwenye lango la kiwanda akitafuta kibarua.

Nilikwenda Jumatatu. Sikumwita Kisilu kando. Nilisimama katikati ya uwanja, nikapaza sauti mpaka wale waliokuwa wakinywa chai kibandani wakatoka nje. Nikasema Kisilu ni mwizi. Nikasema ameniwekea pampu kuukuu na kuniambia ni mpya, na kwamba pikapu imenifia njiani mara tatu kwa sababu yake.

Kisilu alikuwa chini ya gari la mtu. Alitoka polepole, akafuta mikono kwenye kitambaa, akaniangalia kama mtu anayesubiri nimalize mzaha.

"Nifungue boneti nione, Mama Njoki," alisema.

Nilimwambia mkono wake hautaigusa pikapu yangu tena. Aliomba mara ya pili, nikamjibu vibaya zaidi, maneno ambayo sitayaandika hapa. Mzee Chege, aliyekuwa mkubwa wa uwanja ule, alikuja akainama juu ya injini. Akasema pampu ikishakaa wiki mbili kwenye vumbi na mafuta, hakuna awezaye kuapa ilikuwa mpya au kuukuu. Pikapu nayo, kwa ujeuri wake, iliwaka pale pale ikanguruma vizuri. Chege akaniuliza kama ninasimama na neno langu. Nikamwambia ninasimama nalo hadi Jumamosi na hadi Yesu arudi.

Chege akanyoosha mkono. Kisilu alikuwa ameshika spana ya namba kumi na tatu, ambayo haikuwa yake. Akaiweka kwenye kiganja cha Chege.

Wiki hiyo nilipita uwanjani kila siku, ingawa haikuwa njia yangu. Kisilu alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mikono imening'inia katikati ya magoti, wenzake wakifanya kazi pande zote. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilijiambia wezi wengine wote wanakimbia, angalau huyu mmoja nimemkamata.

Alhamisi alasiri Nthoki, mkewe, alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa barazani nikichagua mayai yenye nyufa. Nilidhani amekuja kulia, nikajiandaa kumfukuza, lakini hakulia wala hakukaa nilipomwonyesha kiti. Alisema Kisilu huvaa nguo za kazi kila asubuhi na kwenda kukaa juu ya tairi, ili watoto wasijue. Alisema hata chakula hakili vizuri. Kisha akasema kile alichokuja kukisema.

"Jumamosi mpande hiyo gari pamoja, wewe na yeye. Usimhurumie. Ikizima, izime akiwa ndani."

Hilo liliniudhi, kwa sababu lilikuwa wazo zuri na sikuwa nimelifikiria mimi. Nilimwambia, kwa sauti iliyofika hadi nyumba ya kumi, kwamba nitampandisha mumewe na Mzee Chege wawe mashahidi, na pikapu ikizima, mumewe ataitafuna hiyo pampu barabarani mbele ya watu. Nthoki alisema asante, akaenda zake. Asante ile ilinikaa moyoni kama mwiba usiku mzima.

Jumamosi asubuhi nilitia petroli, nikafunga tangi vizuri kwa koleo langu, nikafika uwanjani. Chege alikaa mbele nami. Kisilu alipanda nyuma, akakaa katikati ya trei tupu. Tulishika Barabara ya Jogoo kuelekea Donholm, tukaenda mbele zaidi, tukageuka, na wakati wote pikapu ilikwenda kama bibi harusi. Nikaanza kutoka jasho. Nilianza kuiombea pikapu yangu mwenyewe ife, na kama hujawahi kuliombea gari lako life, hujui hasira ni nini.

Tulipokaribia njia ya kuingilia Buruburu ikakohoa. Ikakohoa tena, ikapoteza nguvu, nikaisukumia kando ya barabara ikiwa imezima. Nilipiga starta ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka. Nilitoka nje nikimtazama Kisilu na sikuficha furaha yangu.

"Haya, mpya yako hiyo," nilimwambia.

Kisilu alishuka, akafungua boneti. Alimwomba Chege spana, na Chege akakataa, kwa sababu maneno yalikuwa hayajaisha na sheria ni sheria. Basi akaniomba mimi koleo. Nilitaka kumnyima nalo. Nikampa, ili asije akapata cha kusingizia.

Alianza na moto. Akachomoa waya mmoja wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini, akaniambia nipige starta. Cheche ya buluu ikaruka. "Moto iko," akasema, akaurudisha waya mahali pake. Kisha akachomoa mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta, akautia ndani ya chupa ya soda iliyokuwa imetupwa kando ya barabara, akaniambia nipige tena. Yalitoka matone mawili matatu, kisha pakavu. Chege akaguna.

"Si nilisema?" nikasema. "Petroli haifiki. Kazi ya pampu si kuleta petroli? Mnataka nini tena?"

Watu walikuwa wameshaanza kusimama. Wawili walishuka kwenye baiskeli zao. Kisilu alichomoa mpira mwingine, ule unaoingia kwenye pampu kutoka kwenye tangi, akaziba mdomo wa pampu kwa kidole, akaomba starta. Nikapiga. Alikiacha kidole pale kidogo, kisha akamgeukia Chege.

"Mzee, weka hapa kidole yako."

Chege akaweka, nami nikapiga starta mara nyingine. Nilimwona Chege akikivuta kidole na kukitazama. Akasema pampu inavuta, tena inavuta kwa nguvu, kidole kilikuwa kinakwenda ndani. Lakini sikunyamaza, sijui kunyamaza. Nikasema basi paipu imeziba, naye Kisilu ndiye aliyeiziba alipoigusa.

Kisilu aliinama, akautia mdomoni mpira ule unaotoka kwenye tangi, akanyonya. Mashavu yake yaliingia ndani. Hakikuja kitu. Akanyonya tena mpaka macho yakamtoka, kama mtu anayenyonya chupa iliyofungwa. Aliutoa mdomoni, akasimama akifikiri, kisha akatembea kuzunguka pikapu hadi kwenye mdomo wa tangi. Akakigusa kifuniko, akajaribu kukizungusha kwa mkono, kikakataa. Akalitia koleo.

"Taratibu na hiyo," nikamwambia. "Hiyo ndiyo askari wangu."

Kifuniko kilipolegea, tangi lilivuta pumzi. Sina neno jingine. Lilivuta pumzi ndefu, fyuuu, likaendelea kuvuta, mpaka wale wa baiskeli wakalisikia kutoka kando ya barabara. Kisilu akautoa utepe wa tyubu. Akaitoa karatasi ya nailoni, ambayo ilikuwa imefyonzwa ndani ikawa kama kikombe. Akakigeuza kifuniko, akamwonyesha Chege kitundu kidogo katikati yake, kile ambacho hewa hupitia kuingia tangini kila petroli inapopungua. Halafu alirudi mbele, akaunyonya tena ule mpira, na petroli ikamjaa mdomoni, akaitema barabarani. Alifunga mipira yote, akaniambia nipige starta. Mara ya kwanza haikuwaka, mara ya pili haikuwaka, mara ya tatu ikawaka na kukaa.

Nilikuwa nimeshajua kabla ya hapo. Nilijua tangu ile fyuuu. Pampu ilikuwa inavuta, na mimi nilikuwa nimeliziba tangi kiasi kwamba hakuna hewa ya kuingia mahali petroli inapotoka. Ndiyo maana iliwaka tena kila baada ya nusu saa, hewa ikishajipenyeza kidogo kidogo. Niliona aibu, na aibu kwangu haikai aibu, inageuka hasira kabla sijaimeza. Niliwakasirikia wale wezi. Nilimkasirikia shemeji yangu na msonyo wake. Zaidi ya wote nilimkasirikia Kisilu, kwa sababu hakunitukana. Alikunja ile nailoni, akaniwekea kwenye kiti pamoja na koleo, akapanda nyuma.

Njiani nilimwambia Chege polepole, Kisilu asisikie, kwamba tukifika aseme tu ni uchafu uliokuwa kwenye paipu. Maneno yangeisha, spana zingerudi, kila mtu angekwenda kazini kwake.

"Mimi sikumwita mwizi," alisema Chege. "Hilo neno ni lako. Ukilificha, atabaki nalo."

Mafundi walikuwa wanangoja. Walituzunguka hata kabla sijazima injini, na wateja pia, na mama wa kibanda cha chai, na Nthoki akiwa amesimama peke yake karibu na ukuta. Nilishuka nikiwa nimeshaamua kusema uchafu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama Kisilu. Alikuwa ameteremka, anatazama chini, anafuta mikono iliyokuwa safi tayari. Hakunitazama, kwa sababu hakuwa na tumaini. Alijua nitasema uongo, na alikuwa ameshajiandaa kuupokea na kuendelea kukaa juu ya tairi.

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote za maisha yangu. Mtu aliyenijua miaka minne, na hivyo ndivyo alivyonijua. Na alikuwa sahihi.

"Kisilu si mwizi," nilisema, kwa sauti ile ile ya Jumatatu. "Pampu yake ni nzima. Mimi ndiye niliyeliziba tangi kwa mkono wangu mwenyewe kuzuia wezi, gari likakosa hewa. Halafu nikaja hapa nikamwita mwizi, na hata boneti sikumwachia afungue."

Mmoja nyuma akacheka, akafuata mwingine, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Wakaanza kuuliza kama mayai nayo huyaziba yasitoroke. Nilisimama nikauma mdomo mpaka wakachoka. Chege alitangaza kwamba maneno yamekwisha, na mafundi wawili wakamwekea Kisilu spana mikononi bila kuombwa. Nthoki hakuja kunisalimu. Alimtazama mumewe mara moja, akaondoka.

Nilimfuata Kisilu hadi kwenye gari alilokuwa ameliacha Jumatatu, boneti bado iko juu. Nilimwambia nimekosa, anisamehe. Ilinichukua muda kuyasema hayo, na niliyasema kama ninayemgombeza, kwa sababu sauti yangu ni hiyo moja.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nimekusamehe," akasema. "Gari yako ukileta nitatengeneza. Lakini kuanzia leo utasimama hapa mpaka nimalize. Kila kitu nikifungua, utaangalia. Sitaki uniamini tena, Mama Njoki. Kuniamini kwako inaisha siku moja, na mimi nakaa kwa tairi."

Nilianza kumwambia kwamba nina mayai, nina kantini, sina saa za kusimama juani. Alikuwa ameshaingia chini ya gari.

Ni miaka sita sasa. Wateja wengine humtupia Kisilu funguo na kwenda mjini kwa shughuli zao. Mimi nasimama. Akitoa plagi huiinua juu, ananionyesha ya zamani, ananionyesha mpya, ananiuliza kwa adabu kama nimeona, na haiingizi mpaka nijibu. Mara nyingine huwa nimesimama saa tatu, miguu imevimba, mafundi wananipita wakitabasamu. Nakasirika kila mara, hasira ya kutaka kulia. Wiki iliyopita shemeji yangu aliniuliza kwa nini sitafuti fundi mwingine. Nilimwambia nimetafuta, Nairobi yote, na sijapata mwingine ninayemwamini.